"Mwalimu, tumekosa nini?" Jibu kwa mwalimu wa mazoezi aliyeko Bahi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa somo la kilimo. Nimezaliwa Bukoba, nimekulia kwenye migomba, na sasa niko mazoezini katika sekondari moja wilayani Bahi, mkoani Dodoma. Hii ni wiki yangu ya pili kati ya nane. Kidato cha pili wapo 74, majembe mazima ni 11. Siku ya kwanza nilipowaambia twende shambani darasa zima liliguna, na msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tumekosa nini?" Hapa wanaochelewa namba hupelekwa kulima. Kipindi kilichofuata nilifundisha mazao yanayostahimili ukame. Kijana mmoja akauliza kwa nini mahindi hukauka na uwele ukabaki umesimama. Nikamjibu kwamba uwele unastahimili ukame. Akasema, "Hilo tunalijua, mwalimu. Tunauliza kwa nini." Sikuwa na jibu. Shamba lenyewe ni vumbi, mvua hakuna mpaka Desemba, na msimamizi kutoka chuo anaweza kuingia siku yoyote. Nifanyeje wanafunzi hawa wanione mwalimu na si nyapara?

Marahaba, Mwalimu. Nakuita Mwalimu kwa makusudi. Tangu ulipoandika jina lako ubaoni, watoto wale hawana habari na mwaka wa pili wala wa tatu. Wanachojua ni kwamba mwalimu wa kilimo amefika.

Umeniuliza mengi, lakini niruhusu nianze na yule msichana, kwa sababu barua yako yote imo ndani ya swali lake. Nimefundisha na kusimamia mazoezi ya ualimu Kanda ya Kati kwa miaka mingi. Malalamiko ya aina hiyo nimeyasikia sana, ila sijawahi kuyasikia yakisemwa kwa maneno mawili. Usimchukulie kuwa mkaidi. Alikuuliza swali la kweli na alistahili kujibiwa. Kwake jembe lina maana moja tu: hushikwa na aliyekosa. Umechelewa, nenda kalime. Umekutwa unaongea Kiswahili, kalime. Hujamaliza kazi ya hesabu, kalime. Halafu saa nne asubuhi anaingia mwalimu mpya na kusema leo tunakwenda shambani kujifunza, na tunashangaa kwa nini mtoto hafurahi.

Inaniuma zaidi nikikumbuka tulikotoka. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakuliweka shamba la shule pale ili wanafunzi wawe vibarua. Alitaka washiriki kupanga, waandike kumbukumbu, waone kwa macho yao matokeo ya uamuzi wao, hata pale walipokosea. Mahali pengi tulichukua jembe tukaacha daftari. Tukaishia na mzazi anayesema, na ana haki ya kusema, "Mwanangu nimempeleka shule asome, kulima angelima hapa nyumbani."

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hizi ni kulirudisha daftari shambani.

Usiende kwa mkuu wa shule kumwambia adhabu ya kulima ni mbaya. Unaweza kuwa na hoja, lakini wewe ni mgeni wa wiki nane, na walimu wenyeji wana sababu zao, nyingine zimetokana na uchovu wa miaka. Nenda na mwalimu mwenyeji wa somo lako, asubuhi kabla ya mstari, uombe vitu viwili tu. Cha kwanza, kipande cha ardhi cha mita 10 kwa mita 10, ikiwezekana karibu na madarasa. Cha pili, kwamba ndani ya kipande hicho asiingizwe mtu yeyote kwa adhabu. Shamba lingine libaki lilivyo. Sijawahi kuona mkuu wa shule akimkatalia mwanachuo ombi dogo namna hiyo. Nimeona zaidi ya mara moja jinsi kipande kile kilivyobadilisha mazungumzo ya ofisi ya walimu baada ya mwezi mmoja, bila mtu kulaumiwa.

Kizungushieni matawi ya miiba, maana mbuzi wa Bahi hawana wiki ya mazoezi. Kisha rudi darasani umjibu yule msichana mbele ya wenzake. Mwambie: hamjakosa kitu, na kwenye kitalu hiki aliyekosa haruhusiwi kuingia kulima. Nyamaza uwaache wapime maneno hayo.

Sasa kijana wa uwele. Hukuaibika, Mwalimu. Uliulizwa na mtu anayelijua zao kuliko wewe na akataka kujua zaidi. Mwalimu gani hamtaki mwanafunzi wa namna hiyo? Kosa lingekuwa kumnyamazisha. Rudi kwake umwambie, "Juzi uliniuliza swali zuri, sikuwa na jibu kamili. Leo ninalo." Na jibu lenyewe ni hili.

Hindi lina wakati mmoja wa hatari. Mbelewele za juu hutoa chavua kwa siku chache tu, na nywele za hindi lazima ziwe zimechomoza siku hizo hizo ili zipokee. Jua likiwa kali na udongo umekauka wakati huo, nywele huchelewa kutoka. Zinapotoka, chavua imekwisha kumwagika. Mmea unaweza kuonekana mzima kabisa, lakini ukimenya unakuta punje za kuhesabu. Uwele hauweki mayai yote kapu moja. Kutoka shina moja huchipua mashina mengine pembeni, na masuke yake hayachanui siku moja. Ukame ukilipiga la kwanza, yanayofuata bado yanasubiri mvua. Mizizi yake huenda chini sana kufuata unyevu, nao hukomaa mapema, kwa hiyo muda wa kukutwa na jua kali unakuwa mfupi. Mtama nao una njia zake: jani lina nta inayopunguza kupotea kwa maji, hujikunja jua likizidi, na mmea unaweza kusimama kukua kwa muda kisha ukaendelea mvua ikirudi.

Usiyaseme hayo ubaoni tu. Huu ni mwezi wa saba, mabua bado yamesimama mashambani, ng'ombe hawajayamaliza. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, mkang'oe kwa sururu na beleshi kisiki kimoja cha mahindi na kimoja cha uwele, pamoja na udongo wake. Vilazeni sakafuni juu ya gunia. Wanafunzi wapime urefu wa mizizi kwa rula, wahesabu machipukizi kwenye kila kisiki, waandike. Mizizi mingi mtaikata na hilo si neno, tofauti itaonekana. Kijana yule ndiye ashike rula.

Niseme kidogo juu ya kutojua, kwa sababu nahisi ndiko kunakokunyima usingizi. Mtu wa Bukoba kuja kufundisha kilimo Ugogoni ni kama fundi wa majahazi kupelekwa kutengeneza mikokoteni. Mikono anayo, macho bado. Mimi pia nilikuja hivyo. Nilifanya mazoezi yangu katika shule moja ya kanda hii, msimu wa mvua, na nilikuwa na bidii sana. Nikawapeleka kidato cha kwanza kwenye uwele wa shule kupalilia. Nilitaka shamba safi kama lile la kwenye picha ya kitabu. Kila mtoto alikuwa na mstari wake. Nilipopita kukagua, nikakuta msichana mmoja ameacha majani, moja hapa, moja pale, yameota katikati ya uwele. Nikamwambia arudie. Akarudia, akayaacha tena. Nikamgombeza kwa sauti, wenzake wote wakisikia, kisha nikainama nikayang'oa mwenyewe kwa mkono wangu nikayatupa kwenye njia.

Hakulia. Aliyaokota, akayapangusa udongo, akayafunga kwenye pindo la sketi. Jioni nikamuuliza mama niliyepanga kwake. Akacheka kwa huruma. Yale yalikuwa mlenda. Huota wenyewe mvua zikianza, na watu wa huku wanapopalilia huuacha makusudi. Huchumwa, hukaushwa, hutwangwa, na unga wake ndio mboga ya ugali wa uwele au mtama miezi yote ambayo hakuna jani bichi mahali popote. Yule mtoto alikuwa anapalilia vizuri kuliko mimi. Aliona mazao mawili pale nilipoona zao moja na magugu. Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya darasa, na nikamwomba anifundishe kutofautisha mlenda na magugu yanayofanana nao. Alinifundisha kwa upole ambao sikuustahili. Mpaka leo, ninapokagua shamba la mtu, huuliza kwanza kwa nini kitu kimeachwa kabla sijauliza kwa nini hakijang'olewa.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii hii. Chukua ukurasa wa daftari ugawe safu tatu: jina la Kigogo, jina la Kiswahili, jina la Kiingereza lililo kwenye kitabu. Wanafunzi wajaze safu ya kwanza na ya pili, wewe ya tatu. Utashangaa. Kuna mtoto anayekijua kiduha, gugu la mashamba ya mtama, tangu akiwa na miaka sita, anajua kinapoota mtama unadhoofika, anajua ua lake. Ila swali la mtihani likija kwa Kiingereza haliunganishi kabisa na kile anachokiona shambani kwa baba yake. Mkifika hapo mnaweza kuzungumza mambo makubwa: kwamba kiduha hunyonya mizizi ya mtama na uwele chini ya ardhi kabla hujakiona juu, kwamba mbegu zake hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri, na kwamba ukipanda kunde au karanga mbegu zile hudanganyika zikaota, zikakosa mmea wa kunyonya, zikafa. Mtoto aliyesikia hivyo hatoona tena kubadilisha mazao kama neno la kukariri.

Na uwasalimie watu. "Mbukwenyi" uitoe wewe kwanza, kwa wazee njiani na kwa mama wa genge. Nimeona wanachuo wanaokaa wiki nane bila kuijua, na hakuna mzee aliyewahi kuwafungulia zizi lake.

Nije kwenye vumbi lako. Wanachuo wengi hupangiwa mazoezi miezi hii ya kiangazi, na wengi hudhani hakuna la kufundisha kwa vitendo. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na kuanzia Mei mpaka Novemba anga ni buluu. Lakini kilimo hakilali miezi hiyo. Mavuno yako nyumbani, mifugo inatafuta malisho, udongo uko wazi unaonekana. Mimi ningechagua kiangazi kuliko masika kwa kipindi kimoja ambacho nakuomba sana usikiache: kipindi cha chupa na chumvi.

Mwambie kila mwanafunzi aje na punje za mahindi kiganja kimoja kutoka nyumbani. Usiombe zaidi, kuna nyumba ambazo kikombe kizima ni mlo. Tafuta chupa sita za maji, zioshwe na kukaushwa kabisa. Chumvi ya kawaida ianikwe juani au ikaangwe kidogo mpaka iwe kavu kama mchanga, kisha iachwe ipoe. Kila kundi litie punje mpaka theluthi ya chupa, liongeze vijiko viwili vitatu vya chumvi, lifunge, litikise kwa dakika moja au mbili, kisha liiache chupa imetulia mezani robo saa. Wakati wanasubiri, waulize wazazi wao hujuaje kama mahindi yamekauka. Watakwambia huuma punje, husikiliza mlio wake yakimwagwa, huingiza mkono ndani ya gunia kusikia joto. Andika yote ubaoni, ni elimu.

Kisha watazame chupa. Chumvi ikiwa imeanguka yote chini, mahindi ni makavu kiasi cha kuhifadhika. Ikiwa imeganda ukutani mwa chupa kama umande, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo hayafai kuingia ghalani, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Lengo la kuhifadhi ni asilimia 13 au chini yake. Kwa karanga zilizobanguliwa ni chini zaidi, kama 7 au 8.

Nimesimama nyuma ya darasa mara nyingi nikiangalia kipindi hicho, na daima kuna chupa moja ambayo chumvi yake imeganda. Darasa hunyamaza. Maana hapo mwalimu lazima aseme neno sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuvu wake huzaliana kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu au zilizokaushwa chini kwenye udongo. Sumu haionekani, na kupika ugali hakuiondoi. Usiwataje wala kuwaonyesha kidole wenye chupa ile. Sema hivi tu: leo jioni tutawaambia wazazi wayaanike tena, na wiki ijayo tutapima. Watakwenda nyumbani na jambo ambalo baba na mama watalisikiliza. Mzazi aliyesema kulima angelima nyumbani, mwanawe amerudi na kitu ambacho nyumbani hakikuwepo.

Nitakayoyataja sasa nayapitia haraka, utayapanga mwenyewe. Udongo kwenye chupa ya maji: tikisa, acha itulie, mchanga hushuka kwa dakika chache, tope laini kwa saa kadhaa, mfinyanzi huchukua siku nzima na zaidi, mnapima tabaka kwa rula. Chukueni udongo wa mbugani kwenye majaruba ya mpunga na udongo mwekundu wa mgongoni, mlinganishe. Hapo ndipo pa kuwasimulia habari za Kongwa, majirani zenu: mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga, bila kuusoma udongo na mvua ya pale vya kutosha. Kiangazi mfinyanzi ule uligeuka kama saruji, mashine zikavunjika, mvua haikuja walivyotarajia, na kufika 1951 mradi ukaachwa. Wanafunzi wa huku wanastahili kujua kwamba chupa moja ya udongo ingeweza kuuliza maswali ambayo mabwana wale hawakuuliza. Umri wa mbuzi kwa meno: mpe kazi hiyo mvulana au msichana anayechunga, wewe kaa pembeni uandike. Jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele huja mbuzi akiwa na mwaka mmoja hivi na zaidi, kinywa hujaa akifikia kama miaka minne. Mwanafunzi anayeshika mkia kwenye mtihani atakuwa mwalimu kwa dakika kumi, na wenzake hawatamsahau.

Jambo la hesabu sitalipita haraka. Watoto wa Bahi wanajua uzito wa dumu la lita 20 kwa shingo zao, hasa wasichana. Watoke nje na futi kamba wapime paa la darasa. Tuseme ni mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Waambie milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja nzuri ya milimita 10, basi, inaangusha lita 1,600 juu ya paa hilo peke yake. Wagawe kwa 20. Madumu 80. Waache wakuangalie. Halafu wapige hesabu ya mwaka mzima kwa milimita 550: lita 88,000, madumu 4,400. Kuna upotevu, maji mengine hurukia nje ya mfereji, na hilo nalo mlijadili. Lakini utakuwa umefundisha uvunaji wa maji ya mvua bila tone moja kudondoka, na msichana anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani ataanza kulitazama paa la shule kwa jicho jingine. Ni hesabu ninayoipenda kuliko zote.

Wanafunzi 74 na majembe 11: gawa makundi sita, manne ya watu 12, mawili ya watu 13. Kundi moja tu lishike majembe kwa wakati mmoja, na asiyelima asimame zaidi ya mita mbili kutoka kwa mwenzake anayeinua jembe. Wengine wanapima, wanabeba samadi, wanaandika, wanapima udongo. Mnabadilishana. Ukiwatoa wote 74 na majembe 11, sitini na tatu watakuwa watazamaji, na mtazamaji wa kidato cha pili hutafuta kazi yake mwenyewe.

Kuhusu msimamizi wa chuo, nakuambia kama mtu aliyekuwa akiingia madarasani bila kubisha. Tunafungua azimio la kazi na andalio la somo kwanza, kwa hiyo yawe tayari kila asubuhi, yamesainiwa. Baada ya hapo tunatazama wanafunzi kuliko tunavyokutazama wewe. Umahiri unaoandika kwenye andalio uwe kitu ambacho mtu anaweza kukiona: "mwanafunzi aweze kupima ukavu wa mahindi kwa chumvi na kueleza matokeo." Ukiandika "aelewe uhifadhi wa nafaka," nitakuuliza nitamwonaje akielewa, na hutakuwa na jibu. Na kama siku nikija mko nje mmeinamia visiki kwenye gunia, usiwakimbize kurudi darasani kwa ajili yangu. Endelea.

Limebaki lile la mvua kutokuwepo mpaka Desemba, ambayo wewe hutaiona. Hapa nina ombi. Katika kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, mkulima mmoja alibuni mashimo ya kupandia ambayo sasa yanaitwa kwa jina la kijiji chake. Upana wa shimo ni kama sentimita 22, kina 30. Kati ya shimo na shimo ni sentimita 60, kati ya mstari na mstari 90, na mistari hukata mteremko ili maji yasikimbie. Huchimbwa kiangazi, wakati watu wana nafasi. Ndani unatia majivu kidogo kuzuia mchwa, samadi, mabua yaliyokatwakatwa, unarudishia udongo ukiacha bonde dogo juu, na udongo mwingine unaujenga kama kizingo upande wa chini. Mvua ya kwanza ikija, hata iwe chache, maji hukusanyika pale penye mbegu.

Tumieni nusu ya kitalu chenu kwa mashimo hayo, nusu nyingine mlime kawaida. Mita za mraba 50 zitatoa mashimo kama 90. Mna wanafunzi 74, kwa hiyo kila mmoja ana shimo lake, na yanayobaki ni ya walimu. Ardhi ni ngumu mwezi huu, anzeni na sururu, asubuhi na mapema kabla jua halijapanda. Waache wachomeke kijiti chenye jina. Yule msichana wa siku ya kwanza mpe kazi ya kuandika daftari la kitalu: tarehe, kina cha kila shimo, samadi kiasi gani, ya zizi la nani.

Kabla hujaondoka Septemba, likabidhi daftari hilo kwake na kwa kijana wa uwele, mwalimu wa somo akiwa anaona. Waachie mbegu za uwele za kutosha pande zote mbili, aina ya Okoa ukiipata. Waambie siku moja baada ya mvua ya kwanza wachomeke rula ndani ya shimo na kwenye ile nusu iliyolimwa kawaida, waandike unyevu umeshuka sentimita ngapi huku na huku. Wape namba yako ya simu. Wakikutumia vipimo hivyo, tafadhali nitumie na mimi.